Mfuko wa Kushoto

9 Januari

Kidole wangu,

Mimi mzima, mbuzi mzima, paa la jikoni si zima ila linavumilia. Wewe sijui, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama kikohozi. Jirani yetu fundi baiskeli anakusalimu. Ameoa tena, na tangu aoe hafungui kibanda chake mpaka jua limwingie mtu kwenye kofia. Mahindi yamefika kiunoni, na nguruwe pori wameshapata habari kabla ya wenye mashamba.

Sasa sikiliza. Panya wamekula mkoba wangu wa kuwindia. Sisemi wameutoboa, wameula, wamebakiza mkanda tu. Ule alionishonea mama yako. Sasa natembea na baruti kwenye mfuko wa koti, risasi ziko kwenye suruali pamoja na tumbaku, na fataki za kuwashia baruti kila siku nazitafuta upya. Juzi nguruwe dume alisimama mbele yangu akinitazama ninavyojipapasa, mpaka akachoka akaenda zake. Nadhani hata yeye alinionea huruma.

Wewe unashona maturubai ya malori, mkoba hauwezi kukushinda. Ila usikilize mpangilio, usinifanyie mambo ya fasheni. Gobore si bunduki ya askari. Ukishapiga unaanza upya kabisa: unamimina baruti mtutuni, unaweka kitambaa na risasi, unashindilia kwa ufito, mwisho unaweka fataki chini ya nyundo. Mnyama hakusubiri. Kwa hiyo kila kitu kiwe mahali ambapo mkono unapajua bila macho. Mfuko wa kulia ni wa vibomba vya mwanzi, kila kibomba kina baruti ya mlio mmoja na kimezibwa kwa nta. Katikati risasi na vitambaa. Chini ya kifuniko, kikopo cha fataki.

Mfuko wa kushoto ndio wenyewe. Hauwekwi kitu ila kibomba kimoja kitupu. Nikishamimina baruti, kibomba nakiweka kushoto. Nikishapiga, nakitoa kushoto nakitupa chini kabisa ya mkoba. Maana yake, nikitia mkono kushoto nikakuta kibomba, bunduki ina kitu. Nisipokikuta, haina. Mama yako ndiye aliyebuni hilo nilipokuwa kijana wa maneno mengi, naongea mpaka nasahau kama nimeshashindilia. Gobore likishindiliwa mara mbili linapasuka usoni pa mwenyewe. Namjua mmoja aliyekwenda hivyo, na jeneza lake halikufunguliwa.

Uufanye mpana huo wa kushoto. Vidole vyangu siku hizi vizito.

Baba yako


2 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako ilifika imelowa upande mmoja, lakini mpangilio wa mkoba ulisomeka, na maneno ya nguruwe pia. Mimi sijambo. Kiwandani oda ni nyingi. Vumbi la nta ya maturubai linatuingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Msimamizi amenipa ile cherehani kubwa ya dirishani, wenzangu wakaninunia, sasa wameanza kunisemesha tena kwa sababu mimi ndiye nina mkasi mkali. Bado unaniita Kidole. Nina miaka thelathini na mitano, baba. Mtu ananasa kidole mtutuni mara moja tu akiwa mtoto, basi, jina la maisha.

Mkoba ndio huo. Ni turubai la kijani, halipitishi maji, na nimelishona kwa uzi wa nailoni ambao panya watauacha wenyewe. Mfuko wa kushoto nimeuzungushia kamba nene mdomoni, wa kulia hauna kamba, ili mkono ukifika ujue umefika wapi. Kikopo cha fataki nimekifungia uzi kisidondoke majanini. Mkanda ni mrefu, upunguze mwenyewe.

Hukuniambia kwa nini bado unaingia porini peke yako. Wenye mashamba wana vijana wao. Hapa nina chumba kimoja, lakini kina kona nzuri ambayo kitanda kingine kingeenea, na dirisha linaangalia uwanja wa shule. Ungekaa ukawasema watoto wa watu siku nzima.

Kuhusu mimi kuja huko, kazi imebana. Naomba tusiliongelee.

Binti yako


6 Machi

Kidole,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya mkoba. Nimeuvaa siku ya kwanza nikapita nao mbele ya kibanda cha fundi baiskeli makusudi, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, natembeza kazi ya binti yangu.

Porini umenitendea haki. Ile kamba nene mdomoni ni akili. Natia mkono bila kutazama, nakuta kibomba au sikuti, basi. Nguruwe jike mmoja sasa hatakula tena mahindi ya mtu. Wenye shamba walipiga makofi, mmoja akauliza mkoba umenunuliwa wapi. Nikamwambia hauuzwi.

Kitanda cha kona sikitaki, asante. Mtu aliyezoea kukojoa nje akiangalia nyota utamweka kwenye foleni ya choo cha pamoja? Halafu nikiondoka hapa nyumba atakaa nani?

Mama yako naye ameupenda mkoba. Ila anasema mshono wa chini ungeupitisha mara mbili.

Baba yako


17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijambo, na kazini hawajambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Kuna mambo ya kutania na mambo ya kuacha. Mama ana miaka minne kaburini. Ukitaka kusema mshono wangu wa chini ni mbaya, sema wewe. Usimtumie yeye.

Na kwa kuwa umemtaja, nitasema, maana nikinyamaza tena nitapasuka. Siku anakufa hukuwepo. Ulijua hali yake. Fundi baiskeli na marehemu mkewe ndio walikaa naye, watu baki, wewe umechukua gobore umekwenda kufuata nguruwe. Nilishuka kwenye basi nikamkuta ameshafunikwa, na bunduki yako imeegemezwa mlangoni. Nilitaka kuivunja. Ndiyo maana siji. Si kazi. Nikifika mlango ule naiona.

Mkoba nilikushonea kwa sababu wewe ni baba yangu na sitaki upasuke uso. Usidhani tumeongea.

Binti yako


20 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Niliiweka chini ya taa, kila nikiwasha taa naiona. Mbuzi amezaa, hata sikumfurahia.

Kuhusu yale ya mama yako na mshono, sijui niliandikaje. Kalamu iliteleza. Tuiache hapo, nakuomba.

Siku ile ilivyokuwa nitakuambia, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kujitetea. Unajua desturi yetu. Mkoba alikuwa anajaza yeye kila asubuhi, vibomba, risasi, kila kitu, na mimi nilikuwa siufungui mpaka nifike porini. Ilikuwa hivyo tangu tumeoana. Siku ile aliamka akaomba aegemezwe ukutani. Akaniambia nimletee mkoba na baruti. Nikamwambia leo siendi popote. Akaniambia, “Nenda. Umenikodolea macho wiki nzima, na mimi siwezi kupumzika nikikodolewa macho. Nenda, urudi.” Alijaza mwenyewe, baruti nyingine ikamwagika kwenye shuka. Unamjua mama yako. Akishasema, nani anabisha?

Nilifika ukingo wa bwawa, nikafungua. Mle ndani mlikuwa na kibomba kimoja tu. Siku zote alikuwa anajaza mfuko mpaka haufungiki. Nikakaa chini kwenye matope. Nikaelewa ananiambia nisikawie, nikafikiri ana muda wa kunisubiri nirudi. Nilikimbia, Kidole. Mzee mzima nilikimbia mpaka kiatu kikabaki njiani. Nikamkuta mke wa fundi amesimama mlangoni, mikono kichwani. Niliegemeza bunduki pale nikaingia kwake, sikuigusa tena mpaka umeondoka.

Hiyo bunduki uliyoiona haikuwa na kitu. Kile kibomba sikukimimina. Ninacho mpaka leo kwenye kabati, kimejaa vilevile, na nta aliyoiminya juu bado ina alama ya dole gumba lake.

Sikukuambia kwa sababu ulifika ukiwa umeshanihukumu, na mimi niliona hukumu ni ya haki.

Baba yako


11 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Nilisoma barua yako kazini, kosa langu, maana nilivunja sindano mbili na msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza lini. Nikamwambia miaka minne iliyopita. Akanitazama, akaenda zake.

Nimekuchukia bure. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Miaka yote hii nilikuwa nakuona ukitembea taratibu porini, unapiga mluzi, na mama anaita. Sikuwahi kukuona unakimbia na kiatu kimoja. Nisamehe, baba. Nilijua anapenda kukutuma tuma, nilijua hakuna mtu anayembishia, na bado sikufikiri kuuliza.

Kibomba hicho kitunze. Nikija nitaomba unionyeshe. Sitakigusa, nataka tu kuona hilo dole.

Na ninakuja. Oda za maturubai zinaisha mwishoni mwa Agosti, na mwanzo wa Septemba nitakuwa mlangoni kwako, uwe umetengeneza paa la jikoni. Mweleze fundi baiskeli asije akajificha kwa sababu ya ile pampu yangu aliyoipoteza.

Mpe mbuzi pole ya uzazi.

Kidole wako


2 Julai

Kidole wangu,

Mimi mzima, mbuzi mzima, paa la jikoni linavumilia. Wewe sijui, siku nyingi sijaona barua yako. Fundi baiskeli anakusalimu, ameoa tena.

Sasa sikiliza. Panya wamekula mkoba wangu wa kuwindia, ule wa mama yako, wamebakiza mkanda tu. Natembea na baruti kwenye mfuko wa koti. Wewe unashona maturubai, mkoba hauwezi kukushinda. Mfuko wa kulia uwe wa vibomba, katikati risasi, kikopo cha fataki chini ya kifuniko. Na wa kushoto ndio wenyewe, hauwekwi kitu ila kibomba kimoja kitupu, nikikikuta najua bunduki ina kitu. Uufanye mpana. Vidole vyangu siku hizi vizito.

Njoo basi siku moja. Tangu tulipomzika mama yako hujaja. Au kuna jambo limekukwaza? Kama lipo, sema. Mimi na wewe hatujawahi kufichana.

Baba yako


25 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji kusomwa. Mimi sijambo. Umeme umekuwa ukikatika kiwandani, hivyo nusu ya mkoba huu nimeushona kwa mkono, nimekaa kwenye ngazi za nje ambako kuna mwanga, na mlinzi wa getini akinipa ushauri ambao sikumwomba.

Turubai la kijani limekwisha. Safari hii ni la kahawia. Vingine vyote ni kama ulivyotaka: wa kulia vibomba, wa kushoto mpana, kamba nene mdomoni. Mshono wa chini nimeupitisha mara mbili, kama mama alivyosema.

Nilitaka kukuuliza jambo, kalamu ikafika hapo, nikaona tuache. Tumepatana juzi tu. Sitaki kuwa mtu anayekusahihisha kila neno. Nikija tutakaa, tutaongea taratibu, na kama kuna kitu cha kupeleka hospitali tutakipeleka pamoja. Kama mkoba mwingine unao hapo nyumbani, si vibaya, mmoja utakuwa wa akiba.

Hakuna jambo lililonikwaza, baba. Lilikuwepo, na lilikwisha. Naja Septemba.

Nimwombe fundi baiskeli apite kukuona asubuhi? Mwambie nimesema apite.

Kidole wako


30 Agosti

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa fundi baiskeli. Mimi nasema, yeye anaandika, ndiyo maana karatasi ina grisi. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asiruke.

Usishtuke. Nipo zahanati, nimelala kitanda cha karibu na mlango, hewa inapita vizuri. Mkono wa kulia wamenifunga mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake vidole havijatimia. Jicho la upande huo daktari anasema tusubiri, na mimi nasubiri, nina kazi gani nyingine? Chai yao nyepesi. Nguruwe alikimbia, usimpigie hesabu.

Nitakuambia ilivyokuwa, maana kila mtu hapa ananiuliza kama nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilikuwa na mikoba miwili. Ule wa kijani ni wako, nilikuwa nimeuvaa bega la kulia. Wa kahawia ni wa mama yako, bega la kushoto. Nilijua ni wa mama yako kwa sababu kibomba chake kilikuwamo, mfuko wa kulia, na dole lake juu ya nta. Sasa nani mwingine angekiweka mle? Nilimsikia nguruwe kwenye mahindi, nikamimina kutoka kwenye wako, nikashindilia, nikaweka kibomba mfuko wa kushoto wa huo huo wako, kama inavyotakiwa. Nguruwe akasogea, nikasubiri. Jua likapanda. Halafu mkono ukaingia kwenye mkoba wa mama yako, mfuko wa kushoto, ile kamba nene nikaisikia kabisa. Hamna kitu. Nikasema basi bunduki ni tupu.

Na hata hivyo, Kidole, nilijiambia, mama yako amenijazia kwa mikono yake, mgonjwa vile. Nitarudi nyumbani na kibomba chake kimejaa? Ataniuliza. Atasema nimetumia cha mwanangu, cha kwake nimekidharau. Nikakivunja nta, nikamimina, nikashindilia.

Mlio ulikuwa mkubwa. Sikumbuki mengine.

Kitu kimoja tu kinaniumiza. Mama yako hajaja kuniona. Wengine wote wamekuja, hata yule mwenye shamba mbishi. Nadhani amekasirika. Mwandikie wewe, wewe anakusikiliza. Mwambie nilikitumia.

Baba yako

Dada, hapa sasa ni mimi fundi. Mzee alinitaka nisiruke kitu, sijaruka. Nilikuwa nampitia asubuhi kama ulivyoagiza, siku hiyo nikachelewa, na nilipofika nilikuta ameshatoka. Nisamehe. Mkoba wa kijani alikuwa anautundika msumarini kila akirudi, nauona kila siku. Ule wa kahawia ulipofika kwenye basi mimi ndiye niliyempelekea. Aliufurahia sana, akaupeleka kabatini, nikasikia anaongea na mtu. Nikadhani anaongea peke yake, mimi pia huwa naongea peke yangu. Kila siku ananiuliza ni nani alimshonea mama yako mkoba mpya. Sijui unataka nijibu nini. Mtutu umepasuka ukafunguka kama ganda la ndizi, nimeuficha asiuone.


8 Septemba

Baba yangu, shikamoo.

Fundi baiskeli, ikiwa wewe ndiye unayemsomea, soma taratibu, na usiruke. Hukufanya kosa. Kaa kwenye kiti, usisimame mlangoni.

Baba, mimi mzima. Nimeomba ruhusa, msimamizi ameninunia, cherehani yangu ya dirishani ameshampa mtu mwingine, na mkasi nimemwachia huyo huyo. Nimefunga kila kitu kwenye begi moja. Napanda basi la kesho. Huenda nikafika kabla ya barua hii. Ikiwa hivyo, nitaichukua kwa fundi nikusomee mimi mwenyewe, nimekaa upande wa jicho lako zima ili unione.

Mama hajakasirika. Amejua kwamba kibomba chake ulikitumia, na amejua kwamba ulikimbia. Hayo mawili ndiyo alitaka kujua. Haji kwa sababu hawezi kuja, na wewe ukilala vizuri usiku mmoja utakumbuka kwa nini, na siku utakayokumbuka nitakuwa hapo kando yako.

Usimwulize tena fundi nani alishona ule mkoba wa kahawia. Ni mimi. Wa kijani ni mimi, wa kahawia ni mimi. Uliniomba mara mbili kwa maneno yale yale, na mara ya pili nilijua. Niliziweka barua zako zote mbili kitandani nikazitazama, nikajua, halafu nikachukua mkasi nikakata turubai. Niliogopa kukuambia umesahau. Nilikuwa nimekupata juzi tu, baba, nikaona bora nishone. Mfuko mmoja wa kushoto ulikuwa unakuambia ukweli, na mimi nikakuletea wa pili ulio mtupu.

Hayo nitakusomea ukiwa macho. Najua utasema si neno, utanitania, utaniita Kidole. Kesho yake utaniuliza tena nani alishona mkoba wa mama, na mimi nitaichukua barua hii nikusomee kutoka mwanzo.

Binti yako